Programu ya kusahihisha Kiingereza: inajua Kiingereza cha kila mtu isipokuwa chetu

Niko na saiba ndogo hapa Nakuru, mashine tano na printa mbili, moja hukula karatasi ikijiskia, na siku hizi kazi yangu kubwa si kuuzia watu intaneti. Intaneti wako nayo kwa simu. Wakija kwangu wanataka KRA ya ushuru, HELB ya mkopo wa masomo, eCitizen ya huduma za serikali, ama wanataka kuandikiwa barua, na hizo barua ndizo zimenifanya nikae chini niandike hii rivyu, juu miezi minne iliyopita nilianza kulipia programu ya kusahihisha Kiingereza, ile inakaa pembeni ya ukurasa ikipiga mstari mwekundu chini ya kila kitu isichokipenda. Jina silitaji. Ziko kadhaa na zinafanana kama shilingi kwa ya pili, na nikiangalia malalamishi yangu naona yangekuwa yale yale hata ningechukua ile ingine.

Nianze na mazuri ndio nisionekane nimekuja na chuki. Inashika makosa ya kutaipu haraka kuliko macho yangu ya saa kumi na moja jioni. Nikiandika "recieve" inageuza kabla sijamaliza sentensi. Inajua koma ikae wapi, kitu nilifundishwa shule nikakisahau siku hiyo hiyo. Inanikumbusha kila siku kwamba "furniture" na "equipment" hazichukui s mwishoni, na niseme ukweli, karibu kila barua ya kuomba tenda inayopita hapa iko na "equipments", hadi mimi mwenyewe nilishaanza kuona iko sawa. Ukurasa uliokuwa unanichukua nusu saa sasa ni dakika kumi na tano, na kwa vile natoza 50 bob kwa ukurasa, hizo ni pesa. Kuna pia sehemu inapima sauti ya barua, inakwambia hapa umesikika mkali, hapa umejinyenyekeza kupita kiasi. Mama mmoja alikuwa anamwandikia mwenye nyumba kuhusu choo, ikamshauri apunguze ukali. Akakataa. Hata mimi ningekataa.

Bei inacheza kwenye 1,600 kwa mwezi kulingana na vile dola imeamka, inakatwa kwa kadi, na mimi kadi sikuwa nayo, M-Pesa tu, kwa hivyo siku ya kwanza ilienda yote kwa kutafuta njia ya kulipa. Hiyo nimesamehe.

Sasa. Ukiifungua mara ya kwanza inakuuliza unaandika Kiingereza gani, unachagua kwa orodha. Kuna cha Marekani, cha Uingereza, Kanada, Australia, na India. Basi, orodha imeisha. Nilirudi juu nikashuka tena nikidhani nimeruka mstari. Nikachagua Uingereza, juu ndio hiyo tulifundishwa, colour na u yake, na nikaendelea na maisha, sikuona ni kitu ya kunikosesha usingizi. Lakini ni hapo tu shida yote imetokea, kwa hiyo orodha ya aina tano, na ilinichukua wiki kama mbili kujua.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja wa B.Com, amemaliza chuo 2021, amekuja na barua ameandika kwa mkono, safi kabisa, anaomba kazi ya karani wa hesabu. Katikati ameandika hivi: "Since graduating I have been tarmacking but I have not lost hope." Kila mtu hapa anajua hiyo ni nini. Kutarmac ni kuzunguka na bahasha ya kaki ofisi moja hadi ingine lami ikikula soli ya kiatu, jioni unarudi nyumbani na "tutakupigia". Mimi nikataipu vile iko. Programu ikapiga mstari, na chini yake ikaniletea kile kitufe cha kuandika sentensi upya, nikabonyeza bila kuangalia vizuri, foleni ilikuwa ndefu na mtu wa HELB alikuwa ananipigia kelele kuhusu pasiwadi. Nikaprinti. Kijana akasoma, akasoma tena, akaniuliza kwa upole, "Boss, mimi nimefanya kazi ya barabara lini?"

Nikaangalia. Ilikuwa imeandika kwamba tangu amalize chuo amekuwa kwenye ujenzi wa barabara na hajapoteza matumaini. Tulicheka hadi mtu wa HELB akacheka. Lakini fikiria kama hangesoma. Fikiria afisa wa kuajiri anaona barua ya mhasibu ambaye miaka kadhaa amekuwa akimwaga lami.

Baada ya hapo nikaanza kuisoma kila kitu, na kila wiki kulikuwa na mpya. Kuna chama cha akina mama huku kwetu, chairlady wao hunileteaga minutes kila mwezi nimtaipie, ananiita kijana wangu na hanilipi hadi mwezi ujao, na minutes zao lazima ziwe na "merry-go-round", yaani ile zamu ya kupeana pesa, leo wewe kesho yule. Programu ikaona hiyo sentensi ni ndefu, ikapendekeza nifupishe, na kwa kufupisha ikaweka "carousel". Sasa soma minutes: wanachama kumi na wawili wamekubaliana kila mmoja achange shilingi 500 kwa carousel, na atakayechelewa apigwe faini. Ungedhani hawa mama wanajenga pale mahali pa watoto kuzunguka na farasi za mbao. Na "chairlady" pia ilikataa, ilitaka "chairperson". Nilimuuliza, akaniambia, "Kijana wangu, mimi si person, mimi ni chairlady." Nikairudisha.

Halafu jamaa wa Busia ambaye anauza rolex hapa karibu na stegi, ile chapati imekunjwa na mayai ndani, ilitoka Uganda ikavuka mpaka bila pasipoti. Alikuwa anaomba mkopo mdogo wa kuongeza jiko la pili. Programu ikaweka herufi kubwa kila mahali, Rolex, Rolex, Rolex, na mwisho ikaniuliza kama ninamaanisha saa. Mtu anaomba elfu thelathini ya biashara ya saa za bei ya nyumba! Afisa wa mkopo angeita polisi.

Hizi ni za kuchekesha, lakini zinaonekana. Unaona mstari mwekundu, unabonyeza kupuuza, inaisha. Zenye zimenitisha ni zile programu haikusema chochote.

Kuna dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwa familia ya wazungu, wakarudi kwao Uingereza, wamekuwa wakiandikiana barua pepe. Akaniambia nimwandikie, maneno ni yake. Akaanza, "You have been lost for so long." Sentensi safi. Sarufi iko sawa, tahajia iko sawa, koma hakuna mahali pa kuwekwa. Programu ikanyamaza, hata ikanipea alama nzuri pale kwa kona. Na hapo ndipo ilifaa kupiga kelele, juu sisi tunajua hiyo ni umepotea, ni salamu ya upendo, inamaanisha nimekumiss na mbona hunitafuti, lakini yule mama huko kwao akisoma ataelewa kwamba dada anamwambia amekuwa amepotea njia, ama ana matatizo na pombe, ama dini. Nilimweleza, akashangaa, "Kwani wao wanasemaje?" Tukabadilisha tukaweka kwamba ni muda mrefu hatujasikizana. Alipofika mwisho akataka "Greet for me your people", hiyo nikaiacha. Hiyo hata mzungu wa wapi ataelewa, na ni tamu.

Ziko nyingi za hiyo aina, Kiswahili kimevaa koti la Kiingereza. "I am coming" ya mtu anayetoka mlangoni, ile nakuja yetu, maana yake naenda lakini nitarudi. "Slowly by slowly", hiyo ni polepole imetafsiriwa neno kwa neno. "Add me tea." "Let me escort you", na hakuna bunduki wala msafara, ni kusindikizana hadi stegi tu. "Extend a bit" kwa matatu, sogea mwenzako akae. "Pick my call." Mtu akijikwaa unamwambia "sorry" na hukumkanyaga, juu unamaanisha pole, na mgeni anabaki kukuangalia akiwaza umemfanyia nini. Nyingi ya hizi ni maneno ya kawaida yamepangwa vizuri, kwa hivyo programu haioni chochote. Inapigia kelele "tarmacking" ambayo haidhuru mtu, inaachilia "you are lost" ambayo inaweza vunja urafiki. Ni kama askari wa geti anayepekua mkoba wa nyanya kila asubuhi na lori linapita nyuma yake.

Nilikuwa namwambia haya Mwalimu, mzee mstaafu hapa kwa mtaa, alifundisha Kiingereza zaidi ya miaka thelathini, huja kwangu kusoma magazeti bure na mimi simkatazi. Nilidhani ataniunga mkono. Wapi. Aliweka miwani chini. "Kijana, mtoto akiandika tarmacking kwa karatasi ya tatu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yule anayesahihisha atampigia mstari mwekundu kuliko huo wako, na huo hauna kitufe cha kupuuza." Akaendelea, karatasi ya tatu ndiyo ya insha, mtoto wa tajiri Kiingereza sanifu anakipata nyumbani na kwa televisheni na kwa shule ya bei, mtoto wa mkulima anakipata darasani tu, sasa ukimwambia huyo wa pili kwamba aandike vile anaongea ni sawa, umemsaidia ama umemfungia mlango? Sikuwa na jibu. Bado sina lote. Nikamwambia mimi sijasema sanifu itupwe, mimi nataka mashine ijue tofauti ya kosa na kitu chetu, "equipments" ni kosa, nikatwe, lakini "tarmacking" ni neno. Akauliza nani amesema ni neno.

Swali zuri. Ndio nikaingia kwa kitu cha pili ambacho nataka kurivyu hapa, maana nilikifikia kupitia hilo swali.

Kuna mwanafunzi wa chuo huja kuprinti thesisi, akaniambia Oxford English Dictionary, ile kamusi kubwa ya Kiingereza, iko mtandaoni na yeye anaifungua kwa akaunti ya chuo, tukaiangalia pamoja jioni moja baada ya kufunga. Wacha nikwambie, nilienda nikidhani nitakuta kitu ya mfalme na malkia. Kazi hiyo ilianza kupangwa London 1857, kipande cha kwanza kikachapishwa 1884, ikamalizika 1928, toleo la pili la 1989 ni vitabu 20, na tangu 2000 iko mtandaoni na huongezewa maneno kila miezi mitatu. Na Juni 2022 waliweka karibu maneno 200 ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, mapya na yale yaliyorekebishwa, ya Kenya, Tanzania na Uganda. Sambaza iko. Panya route iko. Daladala, nyama choma, chips mayai, mwananchi. Come-we-stay iko, ile ndoa ya njoo tukae! Deskmate iko, na mimi maisha yangu yote nilidhani hiyo ni Kiingereza cha dunia nzima, kumbe wameiweka kwa yetu. Unprocedural iko, neno la kila mwanasiasa akishindwa kwa kura. Rolex ya chapati iko, herufi ndogo, na maelezo kwamba inatokana na rolled eggs. Na tarmac ya kutafuta kazi iko.

Nilipiga picha skrini nikampelekea Mwalimu kwa wasapu. Akajibu baada ya siku mbili: "Noted." Hiyo ndio Kiingereza ya kikoloni yenyewe.

Lakini chenye kilinishika si kwamba maneno yako ndani. Ni vile yamewekwa. Neno halina mstari mwekundu wala halina makofi, liko na lebo inayosema linatumika wapi, halafu asili yake, halafu mifano ya sentensi kutoka magazeti na vitabu, kila moja na mwaka wake, kuanzia ya zamani zaidi waliyoipata. Safari kwa mfano ushahidi wake unarudi hadi kwa msafiri Mwingereza Richard Burton mwishoni mwa miaka ya 1850, na leo nani anaona safari ni Kiingereza kibaya? Neno likishaingia hawalitoi, hata likifa linabaki na alama kwamba limekufa. Hii kamusi haikwambii uandike nini. Inakwambia watu wameandika nini, wapi, tangu lini, kisha uamuzi ni wako. Nikisoma "East African" pale juu ya neno najua mara moja, barua ikienda Eldoret naliacha, ikienda Edinburgh nafikiria mara mbili. Hiyo lebo moja ndiyo ninayoililia kwa ile programu. Mstari wa rangi ingine tu, kijani, bluu, zambarau, niambiwe: hili linaeleweka Afrika Mashariki, msomaji wako ni nani?

Upungufu wa kamusi usiniulize sana, si chombo cha saiba. Kuiona yote unahitaji kulipia ama uwe na taasisi inayokulipia, haikai pembeni ya ukurasa wako, na huwezi kuitumia na mtu wa HELB anakupumulia shingoni. Ni kitu cha jioni na chai.

Na hapa nikafikia kitu ambacho hakinipendezi kuhusu mimi mwenyewe. Ili neno liingie mle ndani lazima lipatikane limeandikwa, mara nyingi, miaka mingi, na watu tofauti. Ushahidi wa maandishi. Sasa mimi nimekaa hapa miaka saba natoa neno la mteja naweka la kitabu, hata kabla ya programu, "tarmacking" nageuza "seeking employment", "shamba" nageuza "farm", "harambee" nageuza "fundraiser", nikidhani namsaidia, na mara nyingi namsaidia kweli. Lakini saiba ziko ngapi nchi hii? Kila moja inapiga pasi. Karatasi zinazotoka kwetu zikifika huko nje zinaonyesha kwamba Wakenya wanaandika kama watu wa London wenye huzuni.

Programu yenyewe siwezi kuilaumu sana, inajua kile imelishwa. Lakini mtu asiniambie hakuna cha kuilisha. Kuna mradi wa wasomi wa kukusanya Kiingereza cha nchi mbalimbali, International Corpus of English, ulianza 1990, na Afrika Mashariki ina sehemu yake mle, maandishi na maongezi ya Kenya na Tanzania ya miaka ya tisini. Na kwa simu yako na kompyuta, Kiingereza cha Kenya kina msimbo wake kabisa, en-KE, ukichagua hiyo kazi yake kubwa ni kukuandikia Ksh na tarehe vile tunaandika. Tarehe! Yaani mlango wameujenga, wameuandika namba, ndani hawajaweka hata stuli.

Na si sisi peke yetu. Singapore wako na Singlish yao, Kiingereza chao cha mtaani, serikali yao 2000 ilianzisha kampeni nzima watu waongee Kiingereza kizuri, na miaka 16 baadaye hiyo hiyo Oxford ikaingiza maneno yao kama shiok kwa kamusi. Huko bado wanabishana. Shule zao zinafundisha sanifu, mtaani wanaongea yao, na hakuna aliyekufa. Kwetu Katiba ya 2010 kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kiingereza kipi haijasema, na mimi nimeamua kuichukua hivyo.

Turudi kwa programu, juu hii ni rivyu. Iko na kitufe cha kuongeza neno kwa kamusi yako mwenyewe, na hicho ndicho kimeniokoa. Nimeongeza tarmacking, merry-go-round haikuhitaji juu kila neno mle inalijua, chairlady, mabati, sukuma wiki, boda boda, majina ya watu pia maana Wanjiru na Odhiambo zote zilikuwa nyekundu, hiyo nayo inaudhi, mtu anaona jina la baba yake limepigiwa mstari mbele yake. Nilifika maneno kama mia mbili. Halafu mashine moja ikaharibika nikahamia ingine, na kwa sababu ambayo sijaielewa orodha haikunifuata. Ilianza upya na Wanjiru. Niliwaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu haraka, nitawapea hiyo, kwamba maoni yangu ni ya thamani na wamepitisha kwa timu. Kuhusu kuongeza Kiingereza cha Afrika Mashariki kwa ile orodha ya aina tano, walisema pia wamepitisha kwa timu. Hiyo timu iko na kazi.

Tangu siku hiyo orodha naweka kwa daftari la kawaida, lile la kurasa 96, kando ya kibodi. Neno, sentensi vile mteja alisema, tarehe, na barua ilikuwa inaenda kwa nani. Mwalimu alilichukua wiki jana akalisoma lote amesimama, akanirekebishia tahajia mahali pawili, akaniongezea "extend" na mfano wake na mwaka aliosikia mara ya kwanza kwa matatu ya Nakuru kwenda Njoro. Kisha akalirudisha, akasema "I am coming", akaenda zake. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Amerudi leo.

Kwa hivyo nyota tatu kwa tano. Kama uko na saiba ama unaandika barua nyingi za ofisi, chukua, lakini ya mwezi mmoja kwanza, usilipe mwaka. Zima kile kitufe cha kuandika sentensi upya, iko kwa mipangilio, ukikiacha utakuja kumwajiri mhasibu kwa barabara. Weka majina ya watu kwa kamusi yake siku ya kwanza kabla wateja hawajafika, na orodha yako ihifadhi mahali pengine. Barua ikiwa inaenda nje ya nchi usiiamini ikinyamaza, soma mwenyewe kwa sauti. Na kabla ya kuprinti mgeuzie mteja skrini asome, hata kama foleni imefika mlangoni.